Unanunua Road Bike ya Mtumba na Unaishi Timau? Hesabu Meno na Uchunguze Breki Kabla ya Kusoma Jina

Kuna baiskeli za kupigwa picha na kuna baiskeli za kupanda Timau. Zote zinaweza kuwa na fremu kali, rangi safi na jina kubwa limeandikwa ubavuni. Lakini zitoe Nanyuki ukielekea juu, na kilomita chache tu zitakuonyesha gani ni gani. Moja inakubeba. Ile nyingine unaibeba wewe.

Siku hizi wasee mob wanasaka road bike, zile za usukani umekunjwa kama pembe za kondoo. Nyingi zinakuja mtumba kutoka Ulaya, na muuzaji huwa ako na mstari mmoja tu: "Buda, hii ni full Shimano." Ukiskia Shimano roho inatulia, doh inatoka mfukoni, unaenda nayo. Shida ni kwamba hiyo sentensi haijakuambia chochote.

Shimano ni kampuni ya Japani, imeanza 1921 huko Sakai. Inatengeneza vifaa vya baiskeli ya kwenda shule na inatengeneza vifaa vya kushinda Tour de France. Kuambiwa baiskeli ni Shimano ni kama kuambiwa gari ni Toyota. Toyota gani sasa, Vitz ama Land Cruiser?

Kwa hivyo tukae chini tupige hii hesabu pole pole, juu ukikosea Nairobi kwa barabara tambarare unachoka tu. Ukikosea Timau, unachoka ukipanda na unaweza kuumia vibaya ukishuka.

Ngazi ni ngapi?

Seti ya gia, breki, cheni na kranki za baiskeli wajuaji huiita grupuseti. Kwa road bike za Shimano ambazo utakutana nazo mtumba, ngazi kutoka chini kwenda juu ni hizi: Claris yenye gia 8 nyuma, Sora yenye 9, Tiagra yenye 10, halafu 105, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na 11 na sasa iko na 12. Juu ya hapo kuna Ultegra, na kwenye kilele kuna Dura-Ace, ile ya mabingwa. Baiskeli za zamani zinaweza kuwa na gia chache kuliko hizo, kwa hivyo usiamini jina peke yake. Hesabu sahani za nyuma mwenyewe.

Kampuni zingine utakazoona ni SRAM ya Marekani na Campagnolo ya Italia. Zote poa, lakini ukiwa nje ya Nairobi jiulize swali moja kabla ya kuanguka mapenzi: hii kitu ikivunjika, spea nitatoa wapi? Kwa fundi wa kawaida, spea za Shimano, hasa za gia 8 na 9, ndizo rahisi kupata.

Sasa, ukipanda ngazi unapata nini? Unapata uzito kidogo kupungua, gia zinaingia kwa ulaini, na hatua kati ya gia moja na nyingine inakuwa ndogo. Hizo ni raha za kweli. Lakini angalia kitu ambacho hupati: hupati mlima kuwa rahisi.

Tuseme wewe na baiskeli na chupa ya maji mna kilo 80. Umeongeza pesa mpaka ukapunguza nusu kilo kwenye vifaa. Hiyo nusu kilo ni kama asilimia 0.6 ya mzigo wote. Kwa mlima unaokuchukua nusu saa, umeokoa kama sekunde 11. Sekunde 11, mtu wangu. Hizo unazipoteza ukisimama kufunga kamba ya kiatu. Chupa moja ya maji ya mililita 750 iko na uzito zaidi ya hiyo nusu kilo uliyolipia.

Stori kamili iko kwa meno

Kitu kinachoamua kama utapanda umekaa ama utapanda ukisukuma ni meno. Mbele kuna sahani za kranki, kawaida mbili. Nyuma kuna kaseti, zile sahani zimepangwa kama piramidi. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Jibu linakuambia gurudumu linazunguka mara ngapi kila ukizungusha pedali mara moja. Jibu likiwa dogo, mlima unakuwa mwepesi.

Baiskeli nyingi za mashindano za zamani zilikuja na 52 na 39 mbele, na nyuma sahani kubwa iko na meno 23 au 25. Hizo zilipangiwa mtu wa mbio mwenye miguu ya chuma. Leo kuna kranki ya 50 na 34, inaitwa kompakti, na kaseti ya kutoka 11 hadi 34. Tuziweke ulingoni.

Gurudumu la road bike likizunguka mara moja linasonga kama mita 2.1. Tuseme unazungusha miguu mara 60 kwa dakika, mwendo wa mtu anayepanda bila kujiua.

Kwa 39 mbele na 25 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakusogeza kama mita 3.3, na kasi yako ni kama kilomita 12 kwa saa. Kwa 34 mbele na 34 nyuma, kila mzunguko ni mita 2.1, na kasi ni kama kilomita 7.5 kwa saa.

Unaweza kusema, "Si basi hiyo ya kwanza ni kali, inaenda mbio?" Tulia. Chukua mlima wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unazosonga unapanda mita 8. Kwa zile kilo 80, kuushinda mlima kwa gia ya kwanza kunadai wati kama 205, hata kabla hujahesabu upepo na tairi. Kwa gia ya pili ni kama 130. Tofauti hapo ni ya mtu anayefika juu akipiga stori na mtu anayefika juu akiona nyota saa sita mchana.

Bila gia nyepesi, utapunguza mwendo wa miguu. Miguu ikienda pole, kila pigo la pedali linakuwa zito, na anayelipa hiyo deni ni goti. Goti halina spea mtumba.

Halafu kuna hewa. Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ukifika mita 2,300, presha ya hewa imeshuka kwa kama robo ukilinganisha na Mombasa, na kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo kwa kiwango hicho. Ukizaliwa huko mwili umezoea kiasi, lakini hata mwenyeji hana oksijeni ya bure. Gia nyepesi ndio njia rahisi ya kuheshimu hiyo robo.

Na hapa ndipo pa kuchekesha. Dura-Ace ya gia 12, ile ya mabingwa, inapatikana na kaseti ya hadi meno 34. Claris ya gia 8, ngazi ya chini kabisa kwa hii orodha yetu, ikiwa na mkono mrefu wa gia ya nyuma, pia inameza hadi 34. Mlima ukiuliza una meno mangapi, tajiri na hustler wanatoa jibu moja. Kwa hivyo Claris yenye 34 nyuma itakupandisha Timau vizuri kuliko Ultegra yenye 25.

Onyo moja: usinunue kaseti kubwa ukadhani itaingia tu. Mkono wa gia ya nyuma uko na kipimo chake. Ukiwa mfupi, meno 34 yatagonga ama cheni itavutika mpaka ivunje kitu. Muulize fundi hiyo derela inabeba mwisho meno mangapi. Kama imeandikwa namba ya modeli nyuma yake, itafute kwa simu papo hapo.

Kupanda ni jasho, kushuka ni maisha

Sasa tugeuze baiskeli. Kutoka huko juu Timau ukipita Subuiga mpaka Isiolo, unashuka zaidi ya mita 1,000. Unashare barabara na malori yanayoenda na kutoka Moyale, na pickup zimejaa waru. Hewa ikiwa nyepesi, upinzani wa upepo pia unapungua, kwa hivyo baiskeli inachukua kasi haraka kuliko ulivyozoea tambarare.

Kilo 80 zikishuka mita 1,000 zinaachilia nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Nyingine inaenda kwa upepo. Lakini ukishuka ukifinya breki njia yote, hiyo chai yote inapikwa kwa rimu ama kwa diski zako. Kumbuka pia kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka kama mara nne. Breki iliyokutosha kwa kilomita 30 kwa saa si lazima ikutoshe kwa 60.

Ukitaka kujua kwa nini hii ni serious, uliza mtu yeyote aliyeendesha black mamba kwa mvua. Zile rimu za chuma zikilowa, unafinya na baiskeli inaendelea na safari yake kama haijakuskia. Rimu za aluminiamu ni afadhali sana, lakini nazo zikiwa na maji na matope zinachelewa kushika, na zinaliwa taratibu.

Kwa hivyo ukishika baiskeli ya breki za rimu, pitisha kidole pale padi inagusa. Pakiwa sawa, fiti. Pakiwa pameingia ndani kama kijiko, hiyo rimu imeisha, na siku moja presha ya tairi itaipasua. Rimu nyingi ziko na alama ndogo, kishimo ama mfereji mwembamba. Alama ikiwa imefutika, usilipe bei ya gurudumu zima.

Rimu za kaboni za mtumba zenye breki za rimu? Kwa miteremko mirefu, achana nazo. Joto linaweza kuziharibu, zinataka padi zake maalum, na huwezi kujua aliyekuwa nazo alizipitisha wapi.

Rimu ama diski?

Breki za diski zinashika vizuri kwa mvua na haziligusi gurudumu lako. Kwa Timau, yenye mvua, baridi na tope la kando ya shamba, ziko na faida ya wazi. Lakini kuna aina mbili.

Diski za waya zinavutwa na kebo kama breki zingine. Hazina nguvu nyingi kama za mafuta, lakini fundi yeyote mwenye spana anaweza kuzirekebisha. Diski za haidroliki zinasukumwa na mafuta. Ni tamu, kidole kimoja kinatosha, lakini zikivuja ukiwa mbali, hauna breki. Na mafuta hayachanganywi: Shimano hutumia mafuta ya madini, na breki nyingi za barabara za SRAM hutumia ile ya DOT, jamii ya mafuta ya breki za gari. Ukimwaga ya gari ndani ya Shimano, mipira ya ndani inaharibika. Kama hakuna fundi karibu anayejua kuzitoa hewa, diski za waya ama breki nzuri za rimu zitakupa amani zaidi.

Waya: kitu cha bei ndogo kinachoua

Hapa fungua macho. Waya wa breki ni mnene, kama milimita 1.5 au 1.6. Waya wa gia ni mwembamba, kama 1.1 au 1.2. Lakini hatari kubwa iko kwa lile ganda la nje. Ganda la gia liko na nyuzi za chuma zimelala kwa urefu, na likivutwa kwa nguvu ya breki linaweza kupasuka. Ukifinya ukitaka kusimama, ganda linafunguka, leva inagonga usukani, na wewe unaendelea mbele. Ganda la breki limesokotwa kama springi ndio libebe hiyo nguvu.

Kama fundi amekosa la breki na anataka kukuwekea la gia "tu kwa sasa", mwambie asante, utarudi kesho.

Kichwa cha waya pia ni muhimu. Cha breki za road bike kimekaa kama pea, cha mountain bike kimekaa kama pipa dogo. Usikubali kichwa kikatwe kwa faili ndio kiingie.

Rula ya shule inatosha kupima cheni

Muuzaji akikuambia cheni ni mpya, usibishane. Toa rula ya inchi. Weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja, halafu hesabu pini 24 kutoka hapo. Pini ya 24 inafaa kukaa kwa inchi 12 kamili. Ikipita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni imefika mwisho, badilisha. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, tayari imekula kaseti pia, na cheni mpya ikiwekwa hapo itaruka meno kila ukikaza mguu mlimani. Punguza bei ya vyote viwili kabla hujatoa pesa.

Hapa pia ngazi za chini zinashinda kwa njia yao. Cheni ya gia 8 ni nene, ni ya bei nafuu, na inavumilia vumbi la murram. Ya gia 11 na 12 ni nyembamba, na usipoisafisha inalia haraka. Kitambaa kikavu na matone machache ya mafuta kila wiki ni urembo wa maana kuliko stika mpya.

Na usichanganye changanye. Leva za gia za SRAM haziongei na derela ya nyuma ya Shimano kwa road bike. Leva ya gia 8 haiwezi kupanga kaseti ya gia 11. Kabla ya kununua kipande kimoja kizuri, hakikisha kitaelewana na kile ulicho nacho nyumbani, la sivyo utakuwa umenunua pambo la ukuta.

Ukienda kuona baiskeli, fuata huu mpangilio

Usianze na rangi. Anza na breki: finya leva zote mbili kwa nguvu, sukuma baiskeli mbele. Leva ikifika kwa usukani, hiyo ni kazi. Zungusha magurudumu, angalia kama yanacheza kushoto kulia. Pitisha kidole kwa rimu. Kagua tairi kama zina nyufa. Pima cheni. Hesabu meno ya mbele, hesabu sahani kubwa ya nyuma, na ugawanye kwa simu. Ukipata jibu karibu na 1, uko sawa kwa milima. Ukipata 1.5 na zaidi, jua kuna pesa zingine zinakungoja. Halafu geuza baiskeli uangalie chini ya fremu, kwenye maungio, utafute mipasuko, hasa kama ni ya aluminiamu ama kaboni.

Ukishainunua, pesa yako ifuate hii laini. Kwanza padi na waya za breki pamoja na maganda yake, vyote vipya. Pili tairi, na kama fremu inaruhusu weka za milimita 28, zinatulia kwa lami mbovu. Tatu cheni na kaseti yenye meno ya kutosha. Nne kranki ya 34, kama bado uko na 39 na miguu inalia. Kofia iko kabla ya zote. Mambo ya jina kubwa, rangi, na vifaa vyepesi yakae mwisho, pesa ikibaki.

Kama unadhani hii ni stori ya watu wa ligi ndogo, kumbuka Chris Froome. Alizaliwa Nairobi 1985, na mtu aliyemshika mkono akiwa kijana ni David Kinjah wa Safari Simbaz, huko Kikuyu, ambako vijana hujifunza kuendesha na pia kushika spana. Froome akaenda akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabara yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, pale Kigali, mji wa vilima tupu. Milima ndio shule yetu, na Timau iko na darasa la bure kila asubuhi.

Kwa hivyo muuzaji akikuambia ni full Shimano, tabasamu, chuchumaa kando ya gurudumu la nyuma na uanze kuhesabu: moja, mbili, tatu. Akianza kukuharakisha kabla hujafika 34, rudisha doh mfukoni na uende zako.